Kitoweo cha Nyumba Hii

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti ya puani uliyokuwa ukiitikia ukiwa umeninunia. Mwaka umepita tangu tukuzike, na nimeona nikuandikie mapema, maana Rukia mwanao ameshaanza kusimulia ya kwake. Anawaambia watu eti wewe ndiye uliyeleta kisamvu katika nyumba hii. Mama, hapo tuheshimiane.

Unaikumbuka Alhamisi niliyoingia na kapu la kwanza? Nilikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Wanawake wa Kaole walikuwa wamefungua shamba lao la pamoja kule bondeni, miaka ile kila mdomo ulipokuwa na neno ujamaa, na nyumba za mjini zilizokubali kwenda kupalilia kila Jumamosi zilipewa fungu la mboga kila Alhamisi. Mtu hakuchagua. Kilichokuwa tayari shambani ndicho kilichoingia kapuni. Nilijiandikisha bila kukuuliza, na hapo nakiri nilikukosea adabu. Ulilitazama kapu, ukanitazama mimi, ukasema, "Mwanangu, mbuzi wa nyumba hii tulimchinja siku ya harusi yako. Majani haya ya nani?"

Kwako wewe kulikuwa na kitoweo na kulikuwa na majani. Kitoweo ni samaki, na siku ya neema ni nyama. Majani hata yakipikwa kwa nazi, yakatiwa karanga, yakakaangwa kwa samli, yalibaki majani. Uliinua kawa juu ya sinia, ukauona mchicha umejaa bakuli, ukauliza, "Na kitoweo kiko wapi?" Ukanikataza kupita na kapu njia kubwa. Nipite uchochoroni, majirani zetu wa Dunda wasije wakadhani mwanao Salum ameshindwa kukuletea samaki.

Na mimi nilikusaidia kuniangusha. Nimelelewa mjini na mama aliyenifundisha pilau, biriani na samaki wa kupaka. Kisamvu nilikuwa nakiona kikipita vichwani mwa watu tu. Alhamisi ya pili kapu likaja na kisamvu kitupu. Nikakikatakata kama mchicha, nikakichemsha kidogo, nikatia tui, nikapakua. Sikutwanga. Mama, sikutwanga! Ulitafuna, ukatafuna, Salum akawa anatazama ukuta. Mwisho ukautoa uzi mmoja mdomoni, ukaunyoosha kwa vidole viwili, ukaniuliza kwa upole kabisa, "Hiki cha kula, au nisukie mkeka?"

Nilikwenda jikoni nikalia mpaka kanga ikaloa. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, lakini siku ile nilikuchukia, na sioni haya kukwambia.

Kesho yake ukatoa hukumu. Ulinipa mpaka kumi la kwanza la Ramadhani liishe. Kama watu wataendelea kuinuka na njaa kwenye sinia langu, fungu nilirudishe Kaole na jiko lirudi mikononi mwako. "Utapika nikifa," ndivyo ulivyosema. Sijui kama ulijua uzito wa neno lile. Mwanamke asiye na jiko katika nyumba ya mumewe ni mgeni wa kila siku, anakula anachopewa na kushukuru. Sikuja kwako kuwa mgeni.

Basi Jumamosi zile nikawa wa mwisho kutoka shambani. Alikuwapo Bi Tatu, Mkwere wa Kiwangwa aliyeolewa Kaole, mwanamke mwenye mikono ya kupigia mchi na mdomo wa kupigia watu. Nilimweleza aibu yangu, akacheka mpaka akakaa chini. "Weye ulidhani kisamvu kabichi?" akaniuliza. Kisha akanifundisha. Utie chumvi kidogo kinuni, utwange mpaka kishikane. Ukichemshe sana bila kukifunika, ukali utoke. Tui jepesi litangulie, zito lije mwisho, na usiondoke hapo kwenda kupiga soga. Akanionyesha matembele yanavyoanikwa juani kidogo yanyauke kabla ya kuingia chunguni, na majani ya maboga yanavyomenywa nyuzi zake moja moja. Nilirudi nyumbani na malengelenge viganjani. Uliyaona, ukasema mchi si kalamu.

Mwezi ukaandama. Siku za mwanzo ulifuturu uji na tende, sinia langu ukilionja kwa ncha ya kidole. Ulikuwa unahesabu siku na mimi nilikuwa nahesabu siku. Halafu ikaja siku ya tisa.

Siku ile baada ya alasiri walifika wageni kutoka Pangani, wale waliokuwa wakimposa Rukia, wanaume wanne na mzee wao, bila taarifa. Ulikimbilia sokoni mwenyewe, buibui likipepea. Samaki hawakuwepo, wala nyama. Ulirudi na kikapu kitupu, ukakaa juu ya mbuzi ya nazi, ukashika kichwa.

"Leo nimeadhirika," ulisema. "Watu wamekuja kumtaka mwanangu, niwape majani?"

Kapu langu lilikuwa nyuma ya mlango, limekuja asubuhi ile, limejaa. Nililivuta katikati ya jiko nikaanza kutoa: boga, bamia, bilinganya, mihogo, na kisamvu, mama, kisamvu kingi. Nikashika mchi. Uliniangalia nikitwanga, naona ulikuwa unasubiri nichoke. Sikuchoka. Kisha ukageuza mbuzi ukakuna nazi ya kwanza. Ukakuna ya pili. Ulipofika ya nne nikajua tuko pamoja.

Bilinganya nilizikaanga, nikazitia mchuzi wa ukwaju na bizari, ule ule ulionifundisha wewe kwa papa. Boga nikaliweka nazi na iliki. Mihogo ikaiva mpaka ikapasuka. Kisamvu nilikisimamia kama askari, na adhana ya magharibi ilipotoka kilikuwa kinatoa mafuta ya nazi pembeni ya chungu.

Masinia yakaenda ukumbini. Mimi na wewe tukasimama nyuma ya pazia, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Kule kimya. Hakuna anayezungumza, hakuna hata anayekohoa. Ulianza kusoma dua chini kwa chini. Mimi nilikuwa nafikiria namna ya kufunga sanduku langu la nguo.

Mara ikaja sauti ya yule mzee. "Jamani huko ndani! Samahani, hiki kitoweo cha kijani kinaitwaje? Kama kimebaki, tuongezeni."

Nikafungua mdomo niseme kisamvu. Ukaniziba kwa kiganja chako, kinanukia nazi, ukanyoosha shingo ukajibu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani, "Ndicho kitoweo cha nyumba hii, bwana! Amepika mkaza mwanangu!"

Kitoweo! Umesema kitoweo, na umesema kwa majani! Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka wageni na mwezi mtukufu, nikaing'ata kanga nikakipiga humo humo. Wewe ulikuwa unapakua kana kwamba hujasikia kitu. Lakini nilikuona ukilamba mwiko.

Rukia aliolewa, na barua yake ya kwanza kutoka Pangani iliomba mbegu za bilinganya. Wewe nawe ukanipora shamba kabisa. Ukawa unakwenda Kaole mwenyewe, unarudisha mchicha wenye matundu, unagombana na Bi Tatu juu ya ukubwa wa bamia, kisha mnakaa kula muhogo pamoja. Na kapu ukalipitisha njia kubwa, katikati ya mji, polepole, ukisimama kusalimia kila mlango. Miaka yote ile hukuwahi kuniambia nimepika kitamu. Ulikuwa unasema, "Hakina ubaya," na mimi nikajifunza kuridhika nalo.

Ulipougua ulikataa supu ya kuku, ukakataa na samaki. Ulitaka kisamvu. Nilikitwanga mara mbili ili usipate taabu, nikakulisha kwa mkono wangu. Ulikiweka mdomoni muda mrefu, macho umefumba. Kisha ukasema, "Kitamu." Nikakwambia rudia, ukasema nisikuchoshe.

Nimekukosa, mama. Sikutegemea kusema hivyo, lakini nimekukosa jikoni kuliko mahali popote, hata ule usumbufu wako wa kuinua kila kifuniko.

Naomba nikusimulie Alhamisi moja tu, ya kwanza baada ya arobaini yako. Siku ya mgao Bi Tatu husimama mbele ya makapu akaita nyumba moja moja kwa jina la mwenyewe, na miaka yote nyumba yetu ilikuwa ikiitwa kwa jina lako. Nilisimama nyuma nikilisubiri, nimeshajiandaa kulia. Bi Tatu akaita, "Nyumba ya Mama Hidaya!" Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Nikageuka kumtafuta huyo Mama Hidaya, mwanamke mwenye nyumba yake, halafu nikakumbuka kwamba Hidaya ni mwanangu mimi. Nikaenda mbele. Wanawake wakanipisha. Lilikuwa kapu zito, mama, na nilijitwika mwenyewe.

Pumzika. Mungu akuridhie kama mimi nilivyokuridhia.

Mkaza mwanao,
Mama Hidaya