Duara Jekundu Kwenye Faili

Jumatano, katikati ya Julai. Baridi ya Sumbawanga imeshuka kwelikweli. Upepo unavuma tangu alfajiri, jua lipo lakini halina kazi. Nimevaa makoti mawili na bado vidole vinagoma kuandika.

Mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba moyo wangu umepanuka na hakuna kidonge kitakachourudisha ulivyokuwa. Alinieleza polepole, bila kunificha, nikamshukuru. Ikifika saa sita mchana miguu imeshavimba. Usiku nalala nimeegemea mito mitatu. Nina miaka themanini na mmoja, sina la kulalamikia.

Ila kuna jambo sijalisema.

Mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni mnanijua kama mzee anayesoma ankara za hospitali. Nimewafundisha kudai mchanganuo kabla ya kulipa. Nimewaambia muulize dawa kwa jina lake lenyewe, si kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, na mpige picha kila karatasi mnayopewa. Watu wanatoka Mpui, hata Kirando, wananiletea vyeti vya dawa kwenye mfuko wa plastiki. Wakiniuliza nimejuaje haya yote, huwa nawajibu kwamba niliwahi kufanya kazi hospitalini. Hawaendelei kuuliza. Wanaacha maharage na wanaondoka.

Jumatatu alikuja Nkwimba. Ni mama wa miaka kama arobaini na mitano, analima na kufuga huko bondeni, upande wa Muze. Wazazi wake walihamia Rukwa kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe. Mama yake ana presha na sukari, anatibiwa hapa mjini. Alinisalimia vizuri, akaketi, akatoa risiti za miezi mitatu na simu yake.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi. Kwenye benchi la hospitali alikuwa ameketi na mama mmoja wa Mpui. Walilinganisha vidonge. Vilikuwa vilevile, pakiti ileile, hata tarehe ya kuharibika ileile. Mama wa Mpui alichukulia dirisha la kwanza, Nkwimba alielekezwa dirisha la pili, na alilipa mara tatu ya mwenzake.

"Nikajiuliza, babu," aliniambia, "au vya mama yangu wamevipaka siagi?"

Nilicheka. Kisha akanionyesha picha aliyopiga, jalada la faili la mama yake, lile la kaki. Kwenye pembe ya juu, mkono wa kulia, kulikuwa na duara dogo la penseli nyekundu.

Nilimwomba anipe maji.

Duara lile nililianzisha mimi.

Nilikuwa mkuu wa stoo ya dawa katika hospitali hiyo. Sitaitaja, kwa sababu waliopo leo hawakunituma. Ilikuwa ile miaka wagonjwa walipoanza kuchangia gharama. Stoo ilikuwa tupu. Nimewahi kumwona muuguzi akifua glovu na kuzianika kwenye kamba. Wakati huohuo wafugaji walikuwa wakihamia bonde la Rukwa na mifugo yao, na sisi wa huku juu, tunaolima mahindi na ulezi, tuliwatazama wakija hospitalini na noti zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Tulisema hawa wana ng'ombe, hawa wanaweza.

Kwenye kikao nikatoa wazo. Mgonjwa akiandikishwa, aulizwe zizini kwake kuna ng'ombe wangapi. Akizidi kumi, faili lake lichorwe duara na dawa achukulie dirisha la pili. Dawa ni zilezile, bei ni nyingine. Ziada ingenunua dawa za wasio na kitu. Kila mtu alikubali. Padri mmoja aliyealikwa alisema ni wazo la haki. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe. Karani akisikia lafudhi ya Kisukuma, akiona bangili, anachora. Nililiona hilo. Sikulikemea.

Jumatatu nilimweleza Nkwimba hivyo hivyo, kama nilivyoandika hapa. Nilitegemea atakusanya risiti zake na kuondoka. Aliitazama tena picha.

"Sisi tuliulizwa," alisema. "Mimi nilikuwepo, nimeshika mkono wa baba. Waliuliza zizini kuna ng'ombe wangapi. Baba akasema arobaini."

"Arobaini ni wengi, mama."

"Walikuwa arobaini, ndiyo. Wetu walikuwa wanne."

Sikumwelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto wa mjini. Ng'ombe wengine walikuwa wa baba zake wadogo, wengine wa jirani, wengine wa mjomba aliyebaki Shinyanga. Mtu haweki mali yake yote zizi moja. Ugonjwa ukiingia anabaki maskini. Humpa huyu watano, yule wanane. Anayetunza hunywa maziwa na hutumia samadi, ila ng'ombe si wake na kumuuza hawezi.

"Mngemuuliza wa kwako ni wangapi, angewaambia wanne. Baba hakuwa mwongo. Mlimuuliza zizi, akawapa hesabu ya zizi."

Mimi ni Mfipa. Kwetu mahindi yaliyomo ghalani mwako ni yako. Nilisoma, nikapewa cheti, nikapewa funguo za stoo ya wilaya nzima, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba zizi la mtu linaweza kujaa mali za wengine. Hakuna aliyewauliza. Swali nililitunga mezani, nikinywa chai.

Nilimuuliza kama baba yake alikufa kwa kukosa dawa. Nadhani nilitaka aseme ndiyo, angalau nijue ukubwa wa kitu nilichokifanya.

"Hapana, alizeeka. Ila wale wanne waliisha. Mimi na kaka yangu hatukwenda sekondari." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mwaka wa mvua chache.

Baba alipofariki faili la familia lilibaki na namba ileile na duara lilelile. Sasa ni la mama. Vidonge vya mama vilikuwa vimebaki vya siku nane. Nkwimba ana maksai wawili wa kulimia, na alikuwa amekuja mjini kuuliza bei ya mmoja. Maksai mmoja halimi.

Nilisema nitamwandikia barua aipeleke hospitalini.

"Karatasi wanazo nyingi, babu. Twende wote."

Jana, Jumanne, tulikwenda kwa bajaji. Kutoka getini hadi mapokezi nilipumzika mara mbili. Nkwimba alinishika kiwiko, hakunivuta wala kunibeba.

Mapokezi alikuwepo binti mmoja mwenye adabu. Aliniamkia, akatazama faili, akasema, "Hili lina duara, mzee. Dirisha la pili."

Nilimuuliza duara lina maana gani.

"Ni la dirisha la pili."

"Na dirisha la pili ni la nani?"

"La wenye duara." Alitabasamu kidogo, akaona jibu lake lilivyo. "Nilikuta hivyo, mzee. Aliyenifundisha naye alikuta hivyo." Mwenzake, akiwa kwenye kompyuta, alisema yeye siku zote alidhani ni alama ya wagonjwa wa kisukari. Walipohamishia mafaili kwenye kompyuta, kila lenye duara waliliingiza hivyo hivyo, dirisha la pili. Nilikuwa nimejidanganya kwamba alama yangu imeliwa na mchwa pamoja na makaratasi. Kumbe ilihifadhiwa vizuri kuliko mimi.

Kwenye benchi la dirisha la pili palikuwa na watu kumi na mmoja. Nikakaa mwisho. Mzee wa pembeni yangu alikuwa Mfipa mwenzangu, nilimtambua kwa anavyosalimia, akipiga makofi taratibu na kuinama. Faili lake lilikuwa na duara. Nilimuuliza kwa Kifipa ana ng'ombe wangapi.

"Ng'ombe?" alisema. "Mimi nina kuku saba na jogoo mgomvi. Mke wangu ndiye Msukuma."

Benchi zima likacheka. Mimi sikuweza.

Mkuu wa dawa siku hizi ni Evarist. Nilimpokea akiwa ametoka chuoni, nikamfundisha kazi. Alitoka ofisini haraka, akaniamkia, akaagiza niletewe kiti chenye mto. Nilimwambia mbele ya Nkwimba kilichonileta. Aligeuza uso upande wa dirisha.

"Mzee, mimi nilikuona ukilichora," alisema. "Nilidhani ukistaafu utalifuta."

"Na wewe?"

"Mimi nilirithi. Ukirithi nyumba hubomoi ukuta siku ya kwanza."

"Evarist, ni miaka mingapi sasa?"

Lakini nisimwonee, aliinuka mwenyewe, akaenda dirisha la kwanza, akamtolea Nkwimba dawa za mwezi mmoja kwa bei ya watu wote. Kisha akaeleza kikwazo. Mwezi mmoja anaweza kuutoa kwa sahihi yake. Mwezi ujao kompyuta itamrudisha bibi, mama yake Nkwimba, dirisha la pili, kwa sababu usajili wenyewe hubadilishwa na kamati ya uendeshaji. Kamati itataka maandishi ya mtu anayejua alama ilianzaje na kwa nini si halali, yawe na sahihi yake na ya shahidi. Kamati inakaa Alhamisi, saa nne.

"Nikiandika mimi wataniuliza kwa nini nilinyamaza," alisema. "Ukiandika wewe, wataandika muhtasari na kufuta. Kwa wote, si kwa bibi peke yake."

Nkwimba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Babu, utaandika?"

Nilisema nitaandika.

"Nitalala kwa shemeji yangu hapa mjini. Kesho kutwa nitakuwa getini." Alifunga dawa kwenye pindo la kitenge chake. Nililitazama lile fundo nikakumbuka kwamba tuliwahukumu kwa fundo kama hilo.

Leo nimeandika barua tangu asubuhi. Ni kazi ngeni kwangu. Barua za kuwatetea wengine natunga kwa nusu saa. Hii yangu nimeichana mara mbili. Ya kwanza ilijaa glovu zilizofuliwa na stoo tupu, ukiisoma unamhurumia mwandishi. Ya pili ilimtaja padri mapema mno. Ya tatu ndiyo iliyobaki: nilianzisha alama, swali lilikuwa baya, bei haikuwa na idhini ya mamlaka yoyote, wanaolipa leo hawapaswi kulipa. Ukurasa mmoja.

Shahidi ni binti yangu Sabina, ninayeishi kwake. Ni mwalimu wa sekondari. Alirudi saa kumi na moja, akavua viatu, akanikuta mezani. Nilimpa barua bila kueleza. Sabina husoma akiwa amesimama, tabia ya kusahihisha madaftari. Alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena.

Kisha akauliza swali moja.

"Baba, yote yamo?"

Nikasema yamo.

Hakuchukua kalamu. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, mikono juu ya meza, akanisubiri. Sijui kama huwafanyia hivi wanafunzi wake. Kama huwafanyia, nawahurumia.

Hata ninyi mnaosoma hapa sijawaambia. Nimepanga maneno tangu juu kana kwamba nilikosea kwa kutojua tu. Ziada ya dirisha la pili haikwenda yote kwenye dawa. Kila mwisho wa mwezi sisi watatu tuliosimamia stoo tuligawana sehemu, tukaiita posho ya chai. Hakuna chai ya namna hiyo. Niliichukua hadi nilipostaafu, sikukosa mwezi. Ndiyo sababu sikuwakemea makarani walipoacha kuuliza habari za ng'ombe. Duara likiongezeka, na chai inaongezeka.

Na ada ya Sabina, kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo cha ualimu, ilitoka humo.

Nilimwambia. Nilimtazama usoni, maana jana Nkwimba alinitazama hivyo. Kuku wa jirani aliingia hadi katikati ya sebule na hakuna aliyemfukuza.

"Yule mama wa Muze," Sabina alisema mwishowe, "anajua?"

"Hajui."

"Atajua kesho, au hatajua?"

Akanisogezea kalamu.

Niliongeza mistari minne chini ya barua, nikataja posho, nikataja miaka, nikaweka sahihi. Majina ya wenzangu wawili sikuyaweka. Walishatangulia, watajieleza wenyewe huko. Sabina akasaini chini yangu kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaenda jikoni. Hajanisemesha tangu hapo. Nasikia anapepeta ulezi, kwa nguvu kuliko ulezi unavyohitaji.

Naweka haya hapa kabla sijaanza kupunguza. Bajaji nimeiagiza saa tatu. Nkwimba atakuwa getini, na kabla hatujaingia kwenye kamati nitamwomba tuketi kwanza, nimsomee ile mistari minne. Kama hatataka kunishika kiwiko baada ya hapo, nitatembea mwenyewe hadi mapokezi, nikipumzika mara nyingi kadiri itakavyohitajika.