Nililijaribu Gari la Mjukuu Wangu Huku Nikiangalia Dirisha

Kwako Doña Ofelia,

Kwa miaka kumi na moja nimesoma ukurasa wako wa ushauri gazetini kila Jumamosi na kuwacheka kimoyomoyo wanaokuandikia, na leo zamu ya kuchekwa imenifikia mimi, kwa hiyo cheka kwanza kisha unisaidie, maana muda nilionao ni mfupi.

Nina miaka sabini na sita, nilikuwa mkutubi wa San Plácido ya Kale mpaka bwawa lilipojaa na mji wetu ukazama, na tangu tuhamishiwe huku San Plácido Mpya niliendelea kuwa mkutubi hadi nilipostaafu, na tena, jambo ambalo wachache wanalikumbuka, ujanani nilikuwa mshika saa wa yale mashindano ya magari yaliyopita katika mitaa yetu kila Novemba, na nakuambia bila majivuno kwamba hakuna dereva aliyewahi kuja kwangu kulalamika kuwa muda wangu haukuwa sahihi.

Sasa katika Klabu ya Unión tuna ligi ya mbio za magari za kwenye kompyuta, usukani umefungwa kwenye meza ya biliadi iliyokufa, pedali ziko chini kwenye ubao, na fainali ya Jumapili hii inafanyika kwenye njia ambayo vijana wa klabu wameitengeneza wenyewe kwa kufuata picha za zamani tulizowapa, nayo ni mitaa ya San Plácido ya Kale, pamoja na kanisa, stesheni na ule mteremko wa kwenda mtoni. Kanuni yetu ni moja na hatujawahi kuivunja: anayelitengeneza gari haruhusiwi kulijaribu, kwa sababu kila mama husifia mwanawe. Mjaribu huliendesha mizunguko ishirini, huandika karatasi, hutia saini, karatasi hubandikwa kwenye friji ya kantini, na tangu hapo gari limefungwa, hakuna anayegusa hata upepo wa matairi mpaka siku ya mbio. Mjaribu anaweza kufuta saini yake kabla ya saa sita mchana wa Jumamosi, gari likafunguliwa na kurekebishwa, lakini gari la namna hiyo linaanza mwisho kabisa.

Mjukuu wangu Malena, ambaye ni fundi umeme na ana miaka ishirini na mitatu, ameingia fainali kwa mara ya kwanza na Fiat 128 ya kwenye kompyuta, nakala ya gari nililoendesha mimi kwa miaka ishirini na mbili na lililohamisha vitabu vya maktaba kabla ya maji, na Jumatano alilifumua upya, akaongeza nguvu za injini karibu mara mbili, akakaza springi za nyuma, akalishusha mpaka tumbo linakaribia lami. Unajua tabia ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, Doña, ni kama hoteli yenye mtu mmoja anayepika na yeye huyohuyo anapeleka sahani mezani, magurudumu yaleyale yanavuta na yaleyale yanakata kona, ukiwaongeza wateja ghafla lazima kitu kiungue. Ndiyo maana Malena alinikabidhi mimi kulijaribu.

“Babu, wengine wote wataniambia gari zuri kwa sababu wananiogopa,” aliniambia akinipitishia kibuyu cha chai yetu ya yerba. “Wewe niambie ukweli, hata ukiniuma.”

“Na likiwa baya?”

“Basi nitakasirika siku mbili. Si umenizoea? Halafu sikiliza, kona ya tatu usihangaike na vibao. Ukimwona yule bibi dirishani, kanyaga breki. Yule bibi hajawahi kunidanganya.”

Beto Schiaffino, mchinjaji, ambaye ndiye mshindani wake mkubwa, alikuwa amekaa kantini anakula sandwichi ya milanesa, ile nyama ya kukaanga, na hakuweza kunyamaza.

“Mzee, hilo dude lenu linajua kona, au linajua ukuta tu?”

“Linajua duka lako,” Malena akamjibu. “Linapita pale kila siku na halinunui.”

“Linajua nyama yangu ni ya wenye meno.”

Malena akaenda kazini. Nikakaa kwenye usukani Alhamisi hiyo mchana nikiwa mwenye furaha kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu, na mizunguko mitano ya kwanza gari lilinisumbua, nikikanyaga mafuta usukani ulivuta kulia, na pua ilikataa kuingia kona, nikajiambia labda ni mikono yangu, kwa kuwa siku hizi inatetemeka na daktari amenipa vidonge, na mzunguko wa sita kwenye kona ya tatu nilichelewa kukanyaga breki, gari likaenda moja kwa moja ukutani na kusimama. Na mbele yangu, Doña, kwenye ule ukuta, dirishani, alikuwa mama yangu.

Sikuchanganyikiwa. Miaka mitatu iliyopita niliwapa vijana bati la biskuti lenye picha, mojawapo ikiwa ya mtaa wetu siku ya mashindano, nikidhani ni picha ya barabara, na wao wameikuza na kuibandika kwenye nyumba kama ilivyo, na kumbe mama alikuwa dirishani, ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, mkono mwingine umekinga jua, anatafuta kitu mwishoni mwa barabara, na mwishoni mwa barabara ndiko nilikosimama mimi na saa yangu. Alikufa mwaka ule tuliohamishwa. Sina picha yake nyingine aliyopigwa bila kujiweka tayari.

Basi nikafanya hivi. Mchezo una kitu ambacho sisi tunakiita mkongojo, kinachozuia magurudumu yasiteleze na kulishikilia gari barabarani hata dereva akilala, na ligi yetu inakikataza kabisa kwenye majaribio na kwenye mbio, na mimi nikakiwasha, nikaendesha mizunguko kumi na minne iliyobaki nikikata kona nyingine zote haraka ili nifike ya tatu, na pale nikipunguza mwendo na kugeuza macho. Kisha nikachukua kalamu nikaandika: “Gari tulivu, linaingia kona bila ubishi, lisiguswe,” nikaandika na muda wangu bora, nikatia saini. Muda huo ni sahihi, sikuuongeza wala kuupunguza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, ni muda wa kweli wa jambo la uongo.

Jioni Malena aliusoma ule ukurasa kwenye friji akanibusu kipara. Beto naye aliusoma, akafuta haradali mdomoni, akasema, “Mh. Mzee ametia saini. Basi tumekwisha.”

Sasa niambie nifanye nini. Nikisema, binti wa watu anaanza fainali yake ya kwanza mkiani kwa ajili yangu, na sidhani kama atanikabidhi tena usukani, na sina kazi nyingine ninayoombwa na mtu. Nikinyamaza, huenda gari ni zuri na tatizo ni mikono yangu tu, lakini huenda Jumapili, mbele ya mji mzima, likaenda ukutani kwenye kona ya tatu kama lilivyonipeleka mimi, naye akiwa ameniamini.

Ni mimi,
Mjaribu, San Plácido Mpya

*

Mzee Mjaribu,

Nimecheka kama ulivyoniagiza, nimemaliza, sasa tukae vizuri.

Gazeti hili linatoka Jumamosi saa moja asubuhi. Mlango wa kufuta saini unafungwa saa sita. Wewe ni mkutubi, umepanga magazeti rafuni maisha yako yote, unajua linatoka siku gani na saa ngapi. Jina lako nimelifuta na la msichana nimelibadilisha, lakini mji huu una fundi umeme mmoja tu wa kike anayemtania mchinjaji, na mama wa msichana huyo hununua nakala kabla hajanunua mkate. Kwa hiyo usiniulize kama ukiri au unyamaze. Umeshakiri. Umekosea tu mtu wa kumkiria, na una saa tano za kulirekebisha hilo, kama gazeti halijakutangulia kufika kwake.

Pole. Naisema kwa dhati. Kukutana na mama yako namna hiyo, bila onyo, na pua ya gari imebonyea, si jambo dogo. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa nyuma ya stesheni, nayo imo kwenye mchezo huo, nimeambiwa hata mlango wameupaka rangi inayostahili, na mimi mpaka leo sijathubutu kukikalia kiti chenu cha usukani. Hakuna atakayekulaumu kwa kumwangalia mama yako mizunguko kumi na minne. Ungemwangalia mia. Lakini ulimwangalia ndani ya kazi ya mtu mwingine, kisha ukamwandikia mtu huyo kwamba kazi imefanyika. Hapo ndipo kosa lilipo, na naona umelizungushia maneno mengi.

Maana angalia unavyoniletea mikono yako inayotetemeka. Mikono haihusiki, mzee wangu. Kama ni mikono au ni gari, hilo ndilo swali ambalo Malena alikuomba ulijibu. Aliongeza nguvu Jumatano, na tangu hapo hakuna aliyeliendesha gari hilo bila mkongojo isipokuwa wewe, mizunguko sita, na mizunguko hiyo sita ilikuambia kitu. Usukani ulivuta kulia. Pua ilikataa kona. Hayo ndiyo yaliyotakiwa kuwa kwenye friji, hata kama yangekuwa na alama ya kuuliza mwishoni.

Sasa nenda kwa Malena. Usimpigie simu. Mwanzie na gari: mkongojo, mizunguko kumi na minne, saini. Nyamaza, mwache akasirike, alishakuambia ni siku mbili. Dirisha lije baada ya hapo. Ukitanguliza dirisha atalia, atakusamehe kabla hajajua anakusamehe nini, na huo ni ujanja ambao mtu wa umri wako hana haki ya kumfanyia mjukuu.

Halafu nendeni klabuni pamoja. Saini uifute wewe, kwa mkono wako, na uhakikishe Beto yupo. Atasema neno. Mwache aseme, amelisubiri kwa muda mrefu. Akimaliza, mwombeni yeye alijaribu gari. Najua utashtuka, lakini fikiri: kanuni yenu inamkataza mama kusifia mwanawe, na mshindani hana mwana hapo. Beto ni mbishi, si mwizi, na nyama yake naila mwaka wa thelathini huu bila kupunjwa mzani. Gari likivuta kulia mikononi mwake pia, basi ni gari, Malena apunguze nguvu za gia za chini na ajue la kufanya na hizo springi, mimi sizijui. Likimtii Beto, basi ni mikono yako, na utaacha kujaribu magari. Nakuambia mapema ili usije kunishangaa. Mtu anaweza kupoteza kiti na asipoteze mjukuu.

Kuhusu kuanza mwisho, usimlilie. Fainali ya kuanza mkiani bado ni fainali, na gari analolijua tabia yake litamfikisha mbele zaidi kuliko gari lililosifiwa tu.

Na kuna jambo hukuliuliza. Msichana huyo, kabla hajalifumua gari, amekanyaga breki kwa bibi yule mazoezini mamia ya mara, anamwamini kuliko kibao cha barabarani, na hakuna aliyemwambia ni nani. Mwambie jina lake lote, na alikuwa anamtafuta nani mwishoni mwa barabara. Kisha waombe vijana wa klabu wakutolee nakala ya picha hiyo iliyokuzwa, uitundike nyumbani, ili siku ukitaka kumwona mama yako usihitaji gari la mtu.

Jumapili Malena atakuwa bado amekukasirikia. Usikae nyumbani kwa aibu. Simama nyuma ya kiti chake, shika saa, na akikuuliza muda wake, mwambie ulivyo, hata ukiwa mbaya.

Ofelia