Mikono Yangu na Chakula cha Solanje

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa kumi

Vifungo tena. Vitatu vya chini nimevifunga mwenyewe, viwili vya juu vimenishinda. Solanje, mke wa mwanangu Safari, amekuja akavifunga, mtoto mgongoni. Sipendi kuvalishwa. Nina miaka hamsini na sita. Nimefundisha watoto wa watu kufunga kamba za viatu.

Darasani chaki imeanguka mara nne. La tatu B, watoto sitini na mmoja, wote macho. Nikawaambia chaki za siku hizi ni mbaya. Uongo. Mpaka kengele ya mapumziko vidole vilikuwa bado havijalegea. Magoti nayo. Toka shule mpaka nyumbani hapa Nyamianda ni dakika kumi. Leo nimetumia nusu saa, na nimesimama mara mbili nikijifanya nasalimia watu.

Nimechoka. Kalamu nimeizungushia kitambaa ili inenepe, ndiyo naweza kuishika.

Alhamisi, tarehe 5

Direkta wa shule ameniita. Ameona ubao wangu. Hakufoka, afadhali angefoka. Amesema kuna daktari wa viungo anayetoka Bukavu mara moja kwa mwezi, atakuwa hospitalini tarehe 19, niandikishe jina mapema. Kisha akasema, polepole, kwamba kama mikono haitaki kazi itabidi darasa apewe mwingine. Wiki mbili za kungoja.

Jioni akapita yaya Josefina, dada yangu mkubwa. Akashika vidole vyangu akavigeuzageuza kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Akauliza ugonjwa ulianza lini. Mwezi wa nne. Akauliza Safari na mke wake walihama Kimanga kuja kukaa kwangu lini. Mwezi wa pili. Akageukia dirisha. Solanje alikuwa uani anatwanga majani ya muhogo ya sombe, tunamsikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu."

Nilipaswa kumfukuza yaya pale pale. Sikumfukuza. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, tarehe 8

Baada ya misa yaya amenipeleka kwa mtu wa dawa. Chumba kina giza na harufu ya majani yaliyolala. Amenigusa tumbo, hakugusa hata kidole kimoja. Amesema ni karuho, ile sumu ya polepole. Amesema anaona mwanamke wa karibu, ananiletea sahani kwa mikono miwili. Uvira nzima hakuna mkamwana anayeleta sahani kwa mkono mmoja! Nilitaka kumwambia hivyo. Nikanywa dawa yake. Nimetapika mpaka machozi, mbele ya watu nisiowajua. Mwalimu mzima.

Chakula cha jioni nimesema sina hamu.

Jumanne, tarehe 10

Siku ya tatu nakula ndizi na mkate wa dukani, kwa kujificha. Solanje ameniletea bugali na mukeke wa kukaanga, samaki ninayempenda, na anajua. Nikangoja aingie ndani. Nikawamwagia kuku wa jirani. Kisha nikakaa kwenye kiti uani nikiwatazama. Mpaka jua likazama. Kuku wanne na jogoo.

Nilipogeuka Solanje alikuwa mlangoni na bidoni ya maji mkononi. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

Jumatano, tarehe 11

Kuku wako wazima. Nimemwambia yaya. Amesema sumu ya polepole inataka mwaka, kuku si kipimo. Basi hakuna kipimo. Nikisema hivyo ananiambia lisemwalo lipo.

Mikono ni moto. Sijasahihisha madaftari.

Jumamosi, tarehe 14

Solanje ameondoka. Asubuhi amefagia uwanja, amenichotea maji ya kuoga, amenifunga vifungo. Halafu amefunga nguo zake kwenye kitenge, akambeba mtoto wao Neema, akasema anaenda kusalimia wazazi wake Kiringye. Mtu anayeenda kusalimia habebi sufuria.

Sikumwuliza kitu. Moyoni nilisikia nafuu, na nafuu hiyo imenitia haya.

Jumapili, tarehe 15

Safari amerudi kutoka Baraka na kamyo, lile lori analofanyia kazi. Amekuta nyumba baridi. Nikamweleza alichosema yaya, alichosema mtu wa dawa. Sikuficha. Mwanangu si mtu wa kelele. Amekaa, ameangalia mikono yake mwenyewe.

"Mama, na weye unasema nini?"

Nimesema sijui. Amesema kama ni kweli, hawezi kumrudisha mwanamke huyo. Kama si kweli, Solanje hatakubali kurudi. Ameniomba nimwambie moja. Nikamwambia angoje siku ya daktari. Nimembebesha daktari mzigo ambao si wake.

Jumatano, tarehe 18

Kesho. Vidonge vyeupe vya duka la dawa, vile ninavyomeza kutuliza maumivu, nimevitia kwenye mfuko, kwa sababu muuguzi aliyeandika jina langu alisema nilete kila ninachokunywa. Chupa ya yule mtu wa dawa nimeiacha. Kisha nimeirudisha mfukoni. Kisha nimeitoa.

Vifungo? Nitavaa blauzi isiyo navyo.

Alhamisi, tarehe 19

Nimefika saa moja. Watu kumi na wawili mbele yangu, benchi moja. Nimeingia karibu saa sita, na saa hiyo mikono imeshalegea, karibu mizima. Nikaogopa hataniamini.

Daktari ni mwanamke, kijana. Nilitegemea mzee. Nilidhani ataniuliza panauma wapi, aandike dawa, basi. Amenikalisha karibu saa nzima. Ulianza na vidole au na magoti. Upande mmoja au pande zote. Unachoka hata bila kazi? Homa? Asubuhi mikono inachukua muda gani kufunguka? Nikasema mpaka mapumziko. Akacheka kidogo, akauliza kwetu mapumziko ni saa ngapi na mimi naamka saa ngapi, akahesabu mwenyewe. Hilo la asubuhi ameliandika akalipigia mstari. Kumbe hakuhitaji kuniona nikiwa nimekakamaa.

Kisha akashika mikono. Kiungo kimoja kimoja, anabonyeza, anatazama uso wangu, si kidole. Kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Viwiko, mabega, magoti. Akasema nivue viatu. Nimeona haya, miguu yangu ya vumbi. Akabonyeza vidole vya miguu pia. Funga ngumi, Mama. Sikuweza. Inuka bila kushika kiti. Mara ya pili ndiyo nimeinuka. Nimejisikia mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mizani inasema nimepungua. Akauliza kama hamu ya chakula iko.

"Iko. Ninaogopa kula."

Akaweka kalamu chini. Nikamwambia yote. Chupa, kuku, Kiringye. Hakucheka, hakunisuta. Nikamwuliza wazi kama sumu inaweza kufanya mikono hivi.

"Mama, sijaona bado sumu yenye kuchagua vidole vya kuume na vya kushoto sawasawa."

Lakini hakunipa jina la ugonjwa. Anangoja damu na picha ya mifupa, mwezi ujao ndipo atasema. Vidonge vyeupe amevitazama akakunja uso. Amenipa karatasi ya namna ya kuvinywa mpaka hapo, nisizidishe wala kuacha kwa kichwa changu. Mwisho akauliza kama kwetu kuna mtu aliyekuwa na mikono ya hivi. Nikasema hapana, haraka, kama ninavyojibu karani wa serikali.

Kwenye chumba cha damu nimelaza mkono juu ya meza ili watafute mshipa. Nikautazama. Ulikuwa mkono wa marehemu mama.

Nimerudi kwenye mlango wa daktari. Muuguzi akasema zamu yangu imepita. Nimesimama pale pale. Daktari aliponiona nikamwambia jambo moja tu, mama yangu. Ameliandika. Amesema magonjwa ya namna hii huweza kutembea katika familia, si kila mara, lakini hutembea.

Ijumaa, tarehe 20

Sikwenda shule. Niandike hili nisije nikalikwepa.

Mama yangu alianza kukunjika vidole nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa na mke wa pili, mama mdogo Venansia. Watu walisema ni yeye, sumu, wivu. Baba zangu wadogo walimtoa nyumbani mchana, na jembe na mkeka. Sisi watoto tulimfuata mpaka barabara kubwa tukiimba wimbo wa kufukuza wachawi. Niliimba. Nilikuwa na sauti nzuri.

Alipoondoka, vidole vya mama viliendelea kukunjika. Miaka kumi na mmoja, mpaka akawa analishwa. Aliyemtia sumu hayupo, mikono inazidi. Hesabu ya la tatu B. Hakuna aliyeifanya pale nyumbani, na mimi mwalimu nimeshindwa kuifanya mpaka jana.

Venansia alikufa. Sijui wapi.

Jumamosi, tarehe 21

Yaya amekuja kwa ajili ya habari. Nimempa. Amesema daktari anaona damu, haoni muntu. Nikamwuliza kuhusu Venansia. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita wakati ule, anakumbuka kuliko mimi. Ameinuka akaondoka, chai imebaki nusu kikombe.

Jumapili, tarehe 22

Kiringye. Nimekwenda kwa pikipiki, kila shimo la barabara limenipita magotini. Safari alitaka tuwatume baba zake wadogo, na mbuzi, kwa heshima, kama desturi. Nimekataa. Wangefika pale wakasema ni kutoelewana kidogo tu kwa wanawake.

Mama yake Solanje amenipa kigoda. Sikuweza kushuka mpaka chini. Wakaazima kiti kwa jirani, nikakaa juu ya kila mtu kama chifu, na nilikuja kuomba msamaha. Solanje alikuwa anapepeta mpunga. Hakuacha kupepeta.

Nikasema yote mbele ya mama yake. Kwamba nilimdhania. Kwamba nilikwenda kutapika. Kwamba ugonjwa ni wa kwetu, umetoka kwa mama yangu, na jina lake sijalipata lakini sikungoja jina. Mama yake alikuwa anafunga na kufungua ncha ya kitenge chake.

"Minye nilikuona na kuku, Mama," Solanje akasema. Hilo tu.

Nimeomba arudi. Amesema amesikia. Neema hakutaka kuja kwangu, na hata angetaka nisingeweza kumbeba. Nimerudi peke yangu.

Jumamosi, tarehe 28

Wamerudi. Safari alikwenda kuwachukua jana. Solanje amenisalimia kwa mikono yote, amenishika polepole asiniumize. Kisha akaenda kuwasha mbabula, jiko la makaa.

Nimelia chumbani kama mtoto. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja

Daktari ametoa jina. Refu, la Kifaransa, nimelinakili kwenye jalada la daftari. Mwili unapigana na viungo vyake wenyewe. Ugonjwa hauponi, unatulizwa. Dawa mara moja kwa wiki, na kupima damu kila mara. Ameniambia nisikate tamaa. Sikukata, nimechoka tu, ni vitu viwili.

Direkta ameniachia darasa mpaka Noeli. Baada ya hapo tutaona.

Karatasi ya daktari yenye jina nimempa Safari aisome. Ameisoma, akampa mke wake. Solanje ameikunja vizuri akanirudishia.

Jumapili, tarehe 19

Mvua tangu alfajiri. Nyumbani tu. Vidole si vibaya sana, kifungo kimoja nimekifunga.

Mchana Solanje ameleta bugali, sombe na ndagala, dagaa wetu wa hapa. Kabla ya kuniwekea amemega tonge kwenye sahani yangu, akachovya, akala. Akachukua na samaki mmoja. Akangoja kidogo. Ndipo akanisogezea.

Amefanya hivyo kila mlo tangu arudi. Siku za kwanza nilidhani ana njaa. Hakuna aliyemwomba, si Safari, si mimi.

Leo nimemwambia aache. Nimemwambia mwanangu, tafadhali, acha. Hakukasirika. Alikuwa anapangusa mdomo wa mtoto.

"Hapana, Mama. Iko muzuri hivi."

Nikala kilichobaki.