Kome Waliochelewa

Tororo, Jumapili

Dada yangu Mwanasha,

Kabla sijakuuliza hali, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu: mpaka leo sijavunja ungo. Wenzangu niliomaliza nao darasa la nane walishavunja wote. Mimi nilinyamaza tu, nikidhani nina ugonjwa.

Sasa, hujambo? Shemeji na mtoto wazima? Huku kwa Kaka sote tu salama, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Wifi ananilisha ugali wa wimbi mpaka nashindwa kuinuka.

Kazi nimeipenda. Ni kwenye mabwawa nje ya mji, njia ya Busia, wanakofugwa kome wa ziwani. Si kama chaza wetu wa Vanga wanaoshika mikoko. Hawa hukaa matopeni. Mimi napima magamba yao kwa rula. Bwawa moja lina ndugu wa mama mmoja, maji yao mamoja na tope lao moja, lakini wengine wanajaa kiganja na wengine hawapiti kidole gumba.

Juzi Mama Nekesa, Msamia ninayefanya naye kazi, aliwachota wale wadogo kwenye karai.

“Hii haikui, haizai. Mimi natwanga, napatia kuku.” Akanitazama. “Na wewe nakuweka hapa pamoja nao, mtoto wa Pwani.”

Nilicheka, lakini moyo uliniuma.

Msimamizi wetu, Bwana Wandera, akamzuia. Alimfungua mmoja kwa kisu, akaniita nione. Ndani alijaa watoto, wadogo kama unga.

“Mwaka jana hawa walikuwa watupu, na wakubwa walishazaa,” akasema. “Si njaa, wala si ugonjwa. Huu ndio mwendo waliorithi.”

“Basi leo kuku wangu watanuna,” akasema Mama Nekesa, akawarudisha majini.

Tangu hapo nimetulia. Nikamkumbuka Shangazi Mize, alivyo mfupi kama mimi, naye ana watoto wengi. Muulize alivunja ungo lini. Jifanye unauliza kwa ajili ya binti yako. Kama alichelewa, niandikie “ndiyo” tu, nitaelewa. Kama sivyo, nitamwomba Wifi anipeleke hospitali.

Nisalimie Baba, na Bibi anayenisukia mikeka, na jirani yetu muuza mbaazi. Mama msalimie sana, lakini hili usimwambie. Atapanda treni na dawa zake za mafusho kuja kunichukua, nami sitaki kuiacha kazi hii. Ukishasoma, itie barua motoni. Tujue mimi na wewe tu.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki