Bwana Elimu Kapima Viganja

Damiani, nimetolewa shuleni sasa hivi kama mbwa!

Bwana Elimu, yule Mzungu mkuu wa shule, katoka Singida kuwachagulia watoto kazi. Unajua kapima nini? Viganja! Viganja, Damiani!

Simeoni, mtoto wa marehemu kaka, anaongoza darasa kwa hesabu na anataka ualimu. Mzungu kamshika mkono: "Sugu hizi? Wewe mgodini."

Mtoto wa mtemi, hata kusoma anababaika, mikono laini: "Huyu karani."

Nikasimama. "Bwana, sugu hizo ni za shamba la shule! Wa mtemi hashikishwi jembe!" Akafoka, "Nje!"

Kaka naye walimpima hivyohivyo, akafia mgodini. Walidhani nimesahau.

Njiani Simeoni ananiuliza, "Baba mdogo, nikiacha kulima, viganja vitalainika kabla Mzungu hajaondoka?"