Vipira Viwili Visivyolingana

Mama,

Nakuandikia nikiwa dukani, hapa Bondeni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, wateja wamejifungia makwao, na Mzee Bakari, yule fundi cherehani wa mlango wa pili, ameacha kazi amesinzia kitini. Nimefungua daftari jipya. Najua ungeniona ungesema, "Tuse, acha kuandika, njoo unishikie hiki." Lakini hakuna cha kushika, na miezi saba imepita sijakuambia neno hata moja.

Sisi hatujambo. Mdogo wangu Ambokile amevuna mpunga kule Ikolo, si haba, ingawa maji yalilala shambani wiki nzima tukadhani umekwisha. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina lako. Siku ya kwanza kumbeba nilishindwa kulitamka. Nikawa namwita "mama, mama" tu, wakanicheka.

Nyumba yako ya Lyulilo ipo. Mama Subilaga, mfinyanzi mwenzako, anaifagilia uwanja kila akimaliza wake. Ule udongo uliouacha umefunikwa majani ya mgomba, tulibishana sana tuufanye nini. Mwishowe aliufinyanga yeye. Alisema si heshima kuuacha ukauke, na aliyeuchimba alitembea nao njia yote ile kichwani. Vikatoka vyungu vitatu. Kimoja ninacho mimi, napikia maharage.

Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya vyungu. Nataka kukuambia juu ya zile hedifoni zako, ambazo wewe ulikuwa unaziita waya. Kuna jambo nilikudanganya.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitaliruka.

Unakumbuka macho yako yalipoanza kukataa maandishi. Katibu wa kanisa akakuwekea kwenye memori kadi masomo ya Biblia pamoja na nyimbo za kwaya ya zamani, zile zilizorekodiwa kwenye kanda enzi za Baba. Ulikuwa na kile kisimu chako cha batani. Ulitaka kusikiliza huku unafinyanga, bila kumsumbua mtu na bila mtu kukusumbua. Ukaniomba waya za masikioni. Mimi muuzaji, duka zima limejaa waya, nikaingiza mkono kwenye boksi nikatoa za juu. Zile za plastiki tupu, ngumu, za duara. Sikuziangalia mara mbili.

Karibu miaka miwili, Mama. Kila nikija nakuuliza, "Zinasikika?" Nawe unajibu, "Zinasikika, ndaga, asante." Nami narudi zangu mjini moyo mweupe.

Mpaka siku ile niliyokuja bila taarifa. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, mikono ina udongo mpaka viwikoni, na masikioni kuna kitambaa. Nikadhani unaumwa. Kumbe ulikuwa umechana kipande cha kitenge, ukazizungushia zile hedifoni zisidondoke. Nilipozitoa nikaona kidonda kwenye sikio la kushoto, kimekauka, kimetoneshwa, kimekauka tena. Nilikufokea. Nilisema kwa nini hukuniambia. Ukanijibu taratibu tu, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi: "Nilidhani ndivyo zilivyo. Hata kiatu kipya huuma."

Niliaga naenda kuchota maji. Sikuchota. Nilisimama nyuma ya jiko nikalia, maana dukani nilikuwa na kabati zima la hedifoni laini, dawa ya kile kidonda, na sikuwahi kukushika sikio hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na hedifoni nyingine, zile zenye shingo nyembamba inayovaa kipira cha silikoni. Nikabeba na mfuko wa vipira, vidogo, vya kati, vikubwa, vyeusi, vyeupe, na vile vyenye ngazi mbili kama uyoga uliobeba uyoga. Ilikuwa siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa imeshateremsha mizigo, vyungu vyako vimepangwa mchangani, na Mama Subilaga yuko pembeni yako na vyake. Ukaniambia nivimwage kwenye ungo, vile vipira. Ukavipapasa kimoja kimoja kwa vidole huku macho yako yanatazama ziwani. Nilikuwa nauza vitu hivyo mwaka wa sita, lakini sikujua kwamba havifanani. "Hiki kimekakamaa," ukasema, ukakitupa pembeni. "Hiki mdomo wake una ukingo, utakwaruza." Ulibakiza kama kumi, vyote laini, vinavyobonyea na kurudi vyenyewe.

Nikakuvalisha vya kati pande zote mbili, kama ninavyomvalisha kila mteja. Ukatikisa kichwa. Cha kulia kikachomoka. Cha kushoto ukakunja uso. Nikasema basi tujaribu vidogo vyote viwili, ukasema sasa kulia hakuna kitu, sauti inapita kama upepo dirishani. Nikasema vikubwa. Kushoto ukaniondoa mkono kabla sijafika.

Hapo ndipo ulipouliza, "Kwani lazima vilingane?"

Nikakuambia vinatoka kiwandani viwili viwili.

"Hao wa kiwandani wamewahi kuniona masikio?"

Mama Subilaga alicheka mpaka akashika tumbo. Ukaniambia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba ulipokuwa mtoto sikio la kushoto liliugua, likatoka usaha msimu mzima, na tangu hapo tundu lake likawa finyu. Nimekuwa mwanao miaka arobaini bila kulijua hilo. Ukachagua mwenyewe: kikubwa kulia, kidogo kushoto. Kimoja cheusi, kimoja cheupe. Nikakufundisha jambo moja tu nililojua, kwamba ulivute sikio juu kwa mkono wa pili huku unasukuma polepole, ili njia ya ndani inyooke. Ukafanya. Ukaguna kidogo kujisikiliza, mm, mm, kisha ukasema sauti yako imeingia mtungini. Nikajua imekaa, maana ndivyo inavyokuwa kipira kikiziba vizuri.

Nikabonyeza wimbo.

Sitasahau ulivyotulia. Mkono ulikuwa umeshika chungu ukabaki juu yake. Kisha ukasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu walioziba masikio, soko zima likasikia: "Kumbe kuna wanaume kwenye hii kwaya."

Miaka miwili ulikuwa ukisikia wanawake tu. Zile za plastiki hazikuziba, sauti zote nene zilimwagikia nje, zikabaki zile nyembamba za juu. Wewe ulidhani kanda imechakaa imewala wanaume.

Mama Subilaga alikuwa bado anacheka. Wewe ulikuwa hucheki tena. Ulinishika goti. "Huyo baba yako," ukasema. "Besi. Msikie, wenzake wamenyamaza yeye bado analivuta neno. Mwalimu alimkataza mpaka akachoka."

Kuna mama alikuja kuuliza chungu, akauliza tena, hukumsikia. Mama Subilaga akakuuzia. Wewe ulirudia wimbo ule ule mara tatu, machozi yanashuka unayaacha yashuke, na uso wako ni wa msichana. Sijui kama kuna mtu amewahi kukuambia hivyo. Uso wa msichana kabisa.

Kisha ukachomoa upande wa kulia ukanipa. "Msikie baba yako."

Ndipo hapo, Mama.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, Ambokile bado unambeba mgongoni. Ninakumbuka viatu vyake. Ninakumbuka harufu ya sabuni ya kipande shingoni kwake Jumapili. Sauti yake siikumbuki. Hilo sikuwahi kukuambia, nililiona ni aibu, kama mtoto aliyepoteza kitu alichopewa akitunze. Nikaweka kile kipira kikubwa sikioni. Hakikuingia. Kiliegemea tu mlangoni, nikasikia wanawake wawili watatu, wembamba, mbali, na kelele za soko juu yao. Besi hakuna. Na wewe unaniangalia kwa macho yale yasiyoona vizuri, umesogea karibu ili uone uso wangu.

Nikasema, "Namsikia."

Ulifurahi sana. Ulisema, "Si nilikuambia."

Ningeweza kubadilisha kipira. Vilikuwa kwenye ungo, mbele ya magoti yangu, kazi ya nusu dakika. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kulirudisha mbele ya furaha ile nilishindwa. Baada ya siku ile ikawa ngumu zaidi. Ulikuwa unaniuliza, "Umesikia alivyolivuta lile neno la mwisho?" nami naitikia. Ungenipa tena ningesikiliza kwa kweli, ungeuona uso wangu, ungejua mara ya kwanza nilidanganya. Nikawa nakwepa. Nilikuja na majani ya chai, nilikuja na sukari, nilikuja na betri mpya ya simu. Kila mara nilikuwa na haraka. Na ndani kabisa, kwa kuwa leo nasema yote, niliogopa nitamsikia nisimjue.

Kisha moyo wako ukachoka, Mama, na ukaondoka asubuhi moja kabla sijafika.

Kwenye msiba shangazi aliniletea simu yako na hedifoni zimeviringishwa ndani ya leso. Akasema, "Hizi wewe ndiye unayezijua." Nikazileta hapa dukani, nikaziweka kwenye kabati la kioo, rafu ya juu, nikawa nazitazama. Wateja wanaziulizia. Wananiambia, dada, mbona hizi vipira vyake havilingani, nawajibu haziuzwi.

Biashara imebadilika kidogo tangu siku ile ya soko. Simpi mtu hedifoni mkononi na kumwacha aende. Namkalisha. Namuuliza upande gani unamsumbua, na karibu kila mmoja ana upande. Namwambia avute sikio juu, agune, aniambie sauti yake imekwenda wapi. Yuko kijana wa bodaboda niliyemkataza kuziba yote mawili akiwa barabarani. Alinuna, lakini anavaa moja. Mzee Bakari alisema hapendi hedifoni kwa kuwa zinamtia maumivu ya kichwa. Tukajaribu saizi nne. Sasa anasikiliza mawaidha yake huku anashona, na ndiye anayeniletea wateja.

Wiki iliyopita nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu. Nikaona vipira vyako vimeanza kunata. Cheupe kimekuwa cha manjano. Nilijua vikiachwa hivyo vitaharibika, vinataka maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kazi ninayowafundisha watu kila siku. Na kuviosha lazima uvichomoe. Hakuna mkono uliovigusa tangu wako. Nilisimama pale na hedifoni mkononi, mteja akaja akaondoka. Mwishowe nilivichomoa. Niliviosha kwenye kikombe, nikavianika juu ya kitambaa, hedifoni zikabaki shingo tupu.

Nikasema, basi. Nikachukua vya kwangu. Masikio yangu ni ya kawaida, Mama, ya kati na ya kati, ya kiwandani kabisa. Nikazivisha hedifoni, nikazitia masikioni, nikavuta sikio juu, nikaguna. Cherehani ya Mzee Bakari ikapotea. Nikabonyeza wimbo.

Alikuwepo. Ubeti wa pili, chini ya wote, kama mtu anayetembea ghalani. Nilingoja mwisho wa mstari. Wenzake wakanyamaza, yeye akalivuta lile neno, akalivuta, akaliacha shingo upande. Sikumkumbuka. Nikuambie ukweli, hakuna kilichofunguka kichwani. Lakini nilimpenda papo hapo, mtu mkaidi hivi, na nilicheka peke yangu dukani huku nalia.

Nikarudia. Mara ya tatu ndipo nikasikia kitu kingine. Upande wa wanawake, sauti ya pili, yuko mmoja anayeingia kabla ya wenzake. Kidogo tu, kama nusu ya pumzi. Kila ubeti. Nikasimamisha wimbo. Mama, nimekaa benchi moja na wewe kanisani maisha yangu yote. Ni nani mwingine aliyekuwa akianza kabla ya kinanda, watu wakageuka, naye asijali?

Hukuniambia na wewe umo. Ulinionyesha yeye tu.

Basi sasa nimewasikia wote wawili kwenye wimbo mmoja. Wewe unawahi, yeye anachelewa, na katikati kwaya nzima inahangaika. Nisamehe lile neno la siku ya soko. Leo nalisema upya na ni kweli: namsikia. Na wewe nakusikia.

Ambokile hajui lolote kati ya haya. Yeye hakumbuki hata viatu. Jumapili nakwenda Ikolo, nitabeba simu yako na mfuko mzima wa vipira. Masikio yake ni makubwa kama ya wajomba, itachukua muda. Nakuahidi sitamharakisha, wala sitaridhika na neno lake. Nitamkalisha barazani, nitavaa na kuvua, kulia na kushoto, mpaka nione kwa uso wake kwamba wewe na Baba mmefika.

Pumzika, Mama. Ndaga fijo, asante sana.

Mwanao,
Tusekile