Kifua cha Sponji Mgongoni mwa Punda

Mshauri wangu, asalaam aleikum. Msaada nautaka, lakini kwanza ujue barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kusoma nilijifunza uzeeni kwenye darasa la ngumbaru, kwa hivyo ukikuta herufi imelala, iinue uendelee.

Mimi ni mama wa kuuza maji hapa Garissa, nina punda na mkokoteni, naishi na mjukuu wangu Fardosa, aniitaye Ayeeyo, yaani bibi, yuko kidato cha tatu. Shuleni kwao wana mchezo wa kuigiza, yeye ni askari anayelinda kisima, akasema askari lazima avae vazi la chuma, na chuma hatuna, basi atatengeneza la sponji. Wallahi nilicheka. Akaenda Soko Mugdi akaleta mikeka ya sponji ngumu, ile ya watoto kuchezea, kisha siku moja naingia ndani namkuta rafiki yake Ikran anamzungushia karatasi ya nailoni na utepe wa gundi mwili mzima, kama maiti anavishwa sanda, nikapiga kelele na kusoma Ayatul Kursi mpaka majirani wakaja, kumbe anachukuliwa vipimo tu, wanachora juu ya ile nailoni, wanaipasua, wanailaza juu ya sponji ndipo wanakata. Miezi miwili jiko langu lilinuka gundi ya fundi viatu. Sponji anaipasha kwa pasi yangu ya makaa mpaka inalainika, anaikunjia gotini, anaishikilia mpaka ipoe, inabaki imepinda. Mimi kupinda nakujua, kwetu Hadado sisi wanawake ndio tuliopinda miti ya nyumba, lakini sikumwambia, nilimwambia tu, "Wenzako wanajifunza kupika wali, wewe unapika magodoro!"

Kifua, yaani lile bamba la mbele, alipokimaliza akakipaka rangi ya fedha, ukikitazama utaapa ni chuma.

Sasa aibu yangu. Punda alikuwa na kidonda mgongoni, pale tandiko linaposugua, na kila dawa ilishindwa. Asubuhi moja Fardosa yuko shule nikakiona kile kifua kinaning'inia ukutani, chepesi, kinene, kimepinda sawasawa na mgongo wa punda. Sitakudanganya kwamba nilidhani ni takataka. Nilijua ni kazi ya mtoto. Nikasema moyoni, mchezo ni mchezo, punda ndiye anatulisha. Nikakitoboa matundu kwa kisu, nikapitisha kamba, nikamvisha.

Saa kumi Fardosa anatoka shule akapitia bombani ninapoteka maji, watu wamejaa. Jirani yangu Kaltun alikuwa ameshaona, anapiga kelele, "Leo punda anaenda vitani!" Wote wanacheka. Mtoto akasimama pale pale na mkoba wake. Na mimi badala ya kunyamaza nikasema kwa sauti wasikie wote, "Afadhali punda, yeye ana kazi."

Hakulia. Akamsogelea punda, akainua ukingo wa sponji akatazama kidonda, akasema, "Ayeeyo, umekifunga kinyume. Mkato wa shingo uende mbele, hapo hakitamsugua." Akafungua, akageuza, akafunga tena kwa mikono yake. Jumamosi yake akachukua sponji yote iliyobaki akakata tandiko la kweli, lina mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Sasa ni wiki tatu. Kidonda kimefunga, alhamdulillahi, manyoya yanaota, na Kaltun yule yule wa kucheka kaja kuomba punda wake naye apimwe.

Nashukuru, mshauri, nashukuru kila sala mpaka machozi. Lakini sponji imemwishia, kile kifua nilikiharibu kwa matundu, onyesho limebaki wiki mbili, na juzi nilimsikia anamwambia Ikran, "Chukua wewe nafasi yangu, mimi sina kifua." Nimempikia anjera na samli, nimemwachia maziwa yote, anasema, "Asante, Ayeeyo," anarudi kwa vitabu vyake. Kwetu mzee hamwombi mtoto msamaha, mzee hutoa dua. Najilaza kwenye mkeka wangu mnene wa sponji, alioniletea mwanangu Najib kutoka Nairobi kwa ajili ya kiuno, mkeka ambao hata paka hathubutu kuukanyaga, nageuka huku na huku namtafutia neno, silioni. Nimshukuru vipi bila kujishusha?

Ayeeyo wa Fardosa, Garissa

JIBU

Waaleikum salaam, Ayeeyo. Herufi zako zimesimama kuliko za wengi waliosoma, na umekiri kosa bila kushikwa shati. Nimekuheshimu. Sasa kaa nikugombeze.

Sponji si kitu, na punda alikuwa mgonjwa. Kilichomtoboa Fardosa ni lile neno la bombani. Ulimweka chini ya punda mbele ya watu, naye akakujibu kwa kumtibu punda wako! Hilo hulipi kwa anjera, hata ungemimina debe zima la samli. Neno lilitoka kinywani, na dawa yake itoke huko huko.

Unasema mzee hutoa dua. Haya, itoe! Lakini si jikoni mlipo wawili. Nenda naye bombani, Kaltun na wenzake wakiwapo, mwekee mkono kichwani umwombee, kisha useme wazi ni nani alimponya punda na ni nani alisema upuuzi. Hapo hujashuka, mama. Hapo ndipo watu watajua mtoto yule amelelewa na nani.

Halafu hicho kifua. Umeniandikia mwenyewe, tena kwa maringo, kwamba una mkeka mnene wa sponji ambao hata paka haukanyagi. Unaulizia nini tena? Hadado ulilala juu ya ngozi. Najib akinung'unika, mwambie ni mimi nimesema. Leo hii utandaze mbele ya Fardosa, mpe kisu, washa pasi, na sponji ikilainika uipinde wewe, kwa sababu mikono yako inajua na miezi miwili ulimnyima ujuzi huo.

Na kama neno "nisamehe" bado litakukwama kooni, siku ya onyesho umvishe kwa mikono yako hiyo, na kabla hujafunga kamba umuulize, "Fardosa, mkato wa shingo uende wapi?"

Ataelewa.